Niliyemwita Baba

Jioni ile mama mkwe alinituma migombani nikakate majani ya ng'ombe kabla giza halijaingia. Kazi ya kila siku. Panga mkononi, kamba begani, kanga kiunoni. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni, na kijiji chetu chote cha Masama kilinuka moshi wa majiko.

Nilifika karibu na kaburi la baba mkwe, mzee Filemon. Tulimzika hapohapo kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Nikainama, nikaanza kukata.

Ndipo nikasikia harufu.

Ugoro.

Ugoro mkali, kama mtu amefungua kopo sasa hivi. Nyumbani kwetu hakukuwa na anayenusa ugoro. Aliyekuwa ananusa alikuwa chini ya udongo ule...

"Baba?" nikanong'ona.

Migomba ilitulia. Lakini kule nyumbani, kitandani alikolala mgonjwa, nikamsikia mume wangu anapiga chafya. Akapiga tena. Na tena. Kama mtu aliyenusa.

Ngoja nieleze kuhusu neno hilo, "Baba", kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Siku niliyoolewa, mama mkwe, jina lake Elinipendo, alinikalisha jikoni kwake. "Winfrida," akaniambia, "humu ndani mke hatamki jina la mumewe. Wenzako wanasema Baba Denis, Baba Pamela. Wewe bado huna mtoto. Basi mwite Baba tu, mpaka Mungu akupe jina la kuongezea."

Mungu hakunipa. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, nikabaki na nusu ya jina. Na kwa kuwa mzee Filemon naye nilimwita Baba, nikiita uani waliitika wote wawili, mmoja zizini, mwingine sebuleni.

"Unamtaka baba mzee au baba kijana?" mzee angeuliza.

"Yeyote mwenye nguvu ya kubeba ndizi!"

"Basi huyo ni mimi. Huyu mwanangu ni wa kuvaa shati tu."

Tulikuwa tunacheka. Mungu wangu, tulikuwa tunacheka.

Mzee alikufa ghafla, msimu wa kuchuma kahawa. Siku tuliyomfukia, mume wangu Elimringi aliweka koleo chini na kusema miguu imekuwa mizito. Hakupona tena. Alikonda. Alilala mchana, akaongea usiku. Tulipimwa kila kitu, hata ule ugonjwa ambao watu walikuwa hawautaji kwa sauti. Hakuna kilichoonekana. Lakini kijiji hakisomi majibu ya hospitali. Nilipofika bombani, wanawake walisogeza ndoo zao.

Wazee wa ukoo walisema Filemon hajatulia, achinjiwe mbuzi, aambiwe maneno ya kumpumzisha. Aliyekataa ni mama mkwe.

"Sisi ni Walutheri," alisema. "Mume wangu mwacheni alipo."

Nilimsifu kwa imani yake.

Elimringi alikuwa fundi katika duka la vipuri pale Moshi mjini. Bosi wake Mhindi, Kantibhai, alipokuja kumwona alikaa pembeni ya kitanda akatikisa kichwa. Alisema huko kusini mwa India kuna waganga wa mitishamba, tiba ya mababu zao, Ayurveda, wanapaka mafuta, wanasafisha mwili taratibu, na kwamba mama yake mwenyewe alipelekwa huko akiwa amebebwa na akarudi anatembea. Tukauza ng'ombe. Usharika ukachangia. Mchungaji akatuombea. Tukaondoka.

Asubuhi ya safari, mama mkwe alinishika mkono langoni, akanibana mpaka nikaumia.

"Utamrudisha?"

"Nitamrudisha, Mama."

"Niapie."

Nikaapa.

Kule tulikokwenda kulikuwa na minazi, mvua na nyumba za mbao nyeusi. Mganga alikuwa mzee mwembamba, kifua wazi, kimya. Mkalimani wetu alikuwa mpwa wake, Mwalimu Kuriakose, ambaye ujana wake aliumalizia Songea akifundisha hesabu. Kiswahili chake kilikuwa na kutu, lakini nilikipenda kama chakula cha nyumbani.

"Karibu, mama! Mimi kula ugali miaka mingi. Hapa hakuna ugali. Pole sana."

Mganga aliweka vidole vitatu juu ya mkono wa mume wangu, pale mshipa unapopiga. Akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu. Akahamia mkono wa pili. Kisha akasema neno moja, na Mwalimu Kuriakose akaacha kutabasamu.

"Anauliza... mmekuja wangapi?"

"Wawili," nikasema. "Si unatuona?"

"Anasema mkono huu una mtu. Na mkono huu una mtu mwingine."

Hawakutufukuza. Walianza tiba. Kila siku walimlaza kwenye meza ya mbao yenye kingo kama mtumbwi, wakampaka mafuta ya moto yenye harufu ya mizizi na ufuta. Wakamnywesha dawa chungu. Na kweli, alipata nafuu. Miguu ikanyooka. Akaanza kula. Akaniuliza habari za duka, akanitania kwamba nimenenepa kwa wali wa watu. Usiku mmoja alinishika uso kwa mikono yake inayonuka mafuta, akasema, "Tukirudi tujaribu tena mtoto." Nikalia kwa furaha.

Lakini kila taa ilipozimwa, sauti nyingine iliongea kutoka mdomoni mwake. Nzito. Ya taratibu. Ilikuwa inamtaja Elinipendo.

Jioni ya mwisho mvua ilikuwa inanyesha. Walitundika chungu juu ya paji la uso wa mume wangu, na kupitia tundu dogo mafuta yakaanza kudondoka.

To...

To...

To...

Macho yake yaligeuka, yakabaki meupe. Hakuwa amelala, wala hakuwa macho. Mganga alinong'ona, na Mwalimu Kuriakose akaninong'oneza.

"Sasa wametoka wote wawili. Wamesimama mlangoni. Atakayeitwa ataingia. Mwingine atabaki. Mganga hawezi kuita, yeye ni mgeni. Ita wewe, mama. Ita mume wako. Mara moja tu."

Nikatazama mlango. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mvua tu, na harufu... ugoro juu ya mafuta.

Nikafungua mdomo. Jina lake nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye cheti cha ndoa, lilikuwa kwenye pasipoti. Lakini ulimi wangu haukuwahi kulibeba, hata chumbani, hata kwenye maombi. Ulimi ulikwenda ulikofundishwa.

"Baba," nikaita.

Mafuta yakaacha kudondoka.

Mwalimu Kuriakose alinigeukia polepole. Katika mji ule wote, yeye peke yake ndiye aliyeelewa.

"Mama," akanong'ona. "Umeita nani?"

Mwili uliokuwa mezani ulivuta pumzi ndefu. Ukapiga chafya.

"Naam, mkwe wangu," ukasema.

Mtu akinisikia atasema nilikosea. Sikukosea. Nilitii. Hayo ni mambo mawili, na mwanamke aliyeolewa anajua tofauti yake.

Tulirudi. Watu walijaa uani kutupokea, kwaya ikaimba, na yeye akashuka kwenye gari mwenyewe, mgongo umenyooka, akawapungia mkono. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakukimbia kumkumbatia mwanawe. Alijifunika kanga kichwani, akatazama chini kama mwari.

"Umechelewa," akasema.

"Njia ni ndefu, Elinipendo."

Watu wakaangua kicheko. Mtoto anamwita mama yake kwa jina! Furaha imempanda kichwani! Nilicheka nao, kwa sababu sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Kwetu baba mkwe hampi mkono mke wa mwanawe. Hapishani naye mlangoni. Haingii chumba anacholala. Yule aliyerudi nami aliyashika yote hayo. Alihamia chumba cha marehemu. Nikiingia sebuleni, aligeuza kiti. Nikimpa chakula, aliniambia nikiweke chini kwanza. Hakunifanyia ubaya wowote. Alinipa heshima yangu yote, na heshima ile ilinichinja kila siku.

Na mama mkwe alichanua. Alitoa vitenge alivyovikunja tangu msiba. Alipika kiburu, ndizi na maharage laini, kama alivyokipenda mzee. Jioni walikaa wawili jikoni wakiongea Kichagga cha zamani ambacho sisi vijana hatukipati vizuri, na nilimsikia akicheka kicheko cha msichana.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Jioni moja nikamfuata jikoni akiwa peke yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Sikukaa. "Mama, yule siyo Elimringi."

Alikuwa anakoroga chungu. Mwiko haukusita.

"Najua sauti ya niliyemzaa," akasema. "Na najua sauti ya aliyenioa."

"Ulijua tangu mwanzo? Ndiyo maana ulinikataza jina lake?"

Akaniangalia. Moto ulimulika upande mmoja wa uso wake. "Nilikufundisha adabu, Winfrida, ukiwa bibi harusi. Mzee alikuwa hai, ana nguvu zake. Mimi ningeijulia wapi India?"

"Na mbuzi uliyekataa achinjwe?"

Akachochea kuni.

"Mama, mwanao yuko wapi?"

Mwiko ukasimama. Nikadhani atalia, nikadhani tutalia wote.

"Aliyeita ni wewe," akasema, na akaendelea kukoroga.

Siku iliyofuata nilishuka mjini, nikaomba simu ofisini kwa Kantibhai. Nilitaka kumwuliza mganga kama mlango hufunguka mara ya pili. Simu ikalia sana, kisha nikasikia kile Kiswahili chenye kutu.

"Mama Winfrida! Nashukuru umepiga. Kile chumba tumefunga. Wagonjwa wanakimbia. Kuna mtu ndani anaongea Kiswahili. Watu wote hawaelewi. Mimi tu naelewa."

"Anasema nini?"

"Anauliza kwa nini hakuitwa."

"Mwalimu, mganga anasema akiitwa sasa anaweza kuja?"

"Mimi nimeuliza yeye. Anasema anaweza. Lakini mpaka atake mwenyewe. Ngoja. Waya ni mrefu, napeleka simu kule chumbani."

Nilisikia hatua zake. Nilisikia mvua ya kule. Kisha mlango wa mbao ukalia, na baada ya hapo hapakuwa na sauti yoyote, ila nilijua, kama mtu anavyojua gizani, kwamba nasikilizwa.

"Elimringi," nikasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Lilikuwa jina zuri. Lilijaa mdomoni.

"Elimringi. Ni mimi. Rudi nyumbani."

Halafu, kutoka mbali sana, sauti ya mume wangu, ile ya kutania, sasa imechoka.

"Winfrida. Mama anaendeleaje?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema ni mgonjwa, analia, anamtaja mwanawe usiku na mchana. Lakini ni mume wangu. Nilikuwa sijawahi kumdanganya.

"Anacheka," nikasema.

"Anacheka?"

"Kila jioni."

Nilimsikia anafikiri. Miaka yote ya ndoa yetu nilimsikia akifikiri hivyo, kila mama yake alipotaka jambo moja nami nikataka lingine, na kila mara nilijua jibu kabla hajalitoa.

"Nikirudi, baba ataenda wapi?"

"Kwake! Kaburini! Elimringi, yule amekufa!"

"Mama hajacheka tangu msiba," akasema kwa upole. "Mwache acheke."

"Na mimi?"

...

"Elimringi, na mimi?"

Aliyejibu alikuwa Mwalimu Kuriakose. "Mama," akasema polepole. "Chumba kimenyamaza. Hata ile baridi imeondoka. Umemwambia nini?"

Nikaweka simu. Kantibhai aliniuliza kama habari ni nzuri. Nikamwambia nzuri.

Nilipopanda mlima kurudi nyumbani, nilikutana na jirani yetu Gladys njiani, ndoo kichwani. Safari hii hakusogea pembeni. Alinishika bega.

"Dada Winfrida, Mungu ni mkubwa! Jana nimemwona shemeji anapalilia migomba, utadhani ni marehemu mwenyewe. Sasa tunasubiri mtoto tu!"

"Tunasubiri," nikamwambia.

Uani mama mkwe alikuwa ameshachemsha maji ya kuoga. Nikayabeba hadi bafuni, nikayaweka chini, nikasogea ukutani na kugeuza uso.

Baba akapita. Hakuniangalia.

Mkwe haangaliwi.