Bi Mkubwa wa Mbamba Bay

Siku ya gulio Mbinga mtu hatembei, anasukumwa. Restituta Ndunguru alisukumwa kutoka kwenye viazi hadi kwenye mitumba, akasukumwa tena na mama mwenye tenga la kuku, hata akajikuta amesimama mbele ya meza ya vitu vya umeme vilivyokwishatumika: redio, chaja, rimoti zisizo na televisheni. Alikuwa na sare yake ya kazi, sketi nyeusi na sweta la bluu lililochakaa viwiko, na nyayo zilikuwa zinamwaka moto. Tangu alfajiri alikuwa dirishani pale stendi akikata tiketi za mabasi, akijibu swali lile lile kwa kila aliyeinama mbele yake. Muda wa kula ndio huu, na njaa hakuwa nayo. Alikuwa na uchovu tu, ule unaokaa kwenye mifupa na hauondoki hata ukilala.

Ndipo akaiona, kati ya rimoti mbili: kaseti ndogo ya gemu ya mkononi, Chapuchapu ya tatu. Akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukafika pamoja na wake.

"Iache hiyo, dada," ilisema sauti ya kiume. "Nakuonea huruma tu. Katika Chapuchapu zote, ya tatu ndiyo mbovu."

Restituta akageuka. Mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani, na kandambili miguuni katika baridi ile ya Juni. Mtu wa ziwani, akajua mara moja. Wa Mbinga angevaa soksi.

"Kuna mtu amekuuliza, kaka?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimesema mwenyewe."

Kwa asiyeijua, Chapuchapu ni gemu ya watu wasio na muda. Haina hadithi ndefu wala vita. Neno moja linatokea kwenye kioo, Kwepa, Puliza, Daka, na una sekunde chache tu za kuelewa unatakiwa kufanya nini na kukifanya. Ukipata, linakuja lingine. Ukikosa, linakuja lingine vilevile. Restituta aliipenda kwa sababu mchezo mzima ulitosha kati ya abiria mmoja na mwingine.

"Ya kwanza ndiyo gemu," aliendelea yule bwana. "Vitufe viwili, basi. Michoro kama imechorwa na mtu anayekimbilia basi, lakini unaelewa. Ya pili wakataka makubwa, unainamisha kifaa, unakizungusha, unakitikisa..."

"Niliicheza pale stendi," alisema Restituta, na kabla hajajizuia akacheka. "Abiria wakadhani nimepandisha mashetani."

"Unaona! Sasa ya tatu nusu yake inataka watu wawili washike kifaa kimoja, huyu kitufe chake, yule chake. Wewe utacheza na nani?"

"Hilo halikuhusu."

"Halinihusu," alikubali, akaiachia kaseti. "Lakini namba yangu nitakupa. Ukikosa mtu wa kitufe cha pili, naitwa Abdulmalik."

Ndivyo ilivyoanza. Abdulmalik alikuwa na banda la gemu Mbamba Bay, mji wa babu yake aliyetoka Kilwa na mzigo wa vitambaa akasahau kurudi. Alipanda Mbinga kutafuta nyaya na pedi za kuchezea kila zilipomfia, na tangu gulio lile pedi za Mbamba Bay zikaanza kufa kwa kasi ya ajabu. Alikuja na usipa, dagaa wakavu wa kwao ziwani, mara nyingine samaki mbasa aliyebanikwa. Alikuja na sweta la kijani la sufu, jipya, kwa sababu lile la bluu, alisema, lilikuwa linamwaibisha hata mbuzi. Walikaa nyuma ya ofisi ya tiketi, mabega yamegusana, wakicheza ile ya tatu kwa kifaa kimoja. Walishindwa vibaya mno, na Restituta hakuwa amecheka namna ile kwa miaka.

Simu ndizo zilizofanya kazi kubwa.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula vumbi la mabasi."

"Acha kazi hiyo, uje ziwani nikulishe samaki."

"Nije kama nani? Mimi Mkatoliki, Abdu, wewe Mwislamu. Tutafikaje?"

"Kwa lami. Si wameiweka mpaka kwetu?"

Alicheka, lakini lile neno "kama nani" lilikuwa zito kuliko alivyolitamka. Restituta alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kabla ya huyu palikuwa na Victor wa Songea, aliyempenda hadi siku alipomkuta kanisani kambeba mtoto wa ubatizo, mke pembeni yake. Tangu hapo alijiapiza kitu kimoja tu: hatakuwa mwanamke wa pili wa mtu yeyote, kwa dini yoyote, kwa upendo wowote. Hakuwa amemwambia mama yake kijijini Ruanda habari za Abdulmalik. Alikuwa anangoja awe na uhakika. Na alichoka kungoja, maana moyo wake ulikuwa umeshatangulia.

Jioni moja Abdulmalik akapiga simu kama kawaida. Katikati ya maneno akasema, "Subiri, mpenzi, usikate, kuna mtu," akaiweka simu mezani. Restituta akasubiri, miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Akamsikia mtu akisalimia, na Abdulmalik akimwitikia kwa jina: Othmar. Akamsikia akisema, "Bi Mkubwa leo kachoka, kafanya kazi tangu asubuhi." Restituta akatabasamu. Vijana wote humwita mama yao Bi Mkubwa.

"Na Bi Mdogo?" aliuliza Othmar.

"Aah, Bi Mdogo ni sura tu, ndugu yangu. Ukikaa naye kidogo shingo inauma. Kila saa anataka umtikise."

Tabasamu likamganda Restituta usoni.

"Na huyu mpya je? Bi Harusi?"

"Huyo nimempata Mbinga, sokoni. Rahisi tu, wala sikuhangaika. Ana raha yake mkiwa wawili, lakini nakwambia ukweli, hamfikii mkubwa."

"Kwa hiyo kati ya wote watatu?"

"Bi Mkubwa. Huyo simwachi mpaka naingia kaburini."

Wakacheka wote wawili. Restituta akakata simu. Alibaki amekaa na miguu ndani ya beseni mpaka maji yakapoa. Hakulia. Alijiona mjinga, na ujinga wa mara ya pili hauna hata machozi. Sokoni, Mbinga, rahisi tu. Alikuwa amejumlishwa na kupangiwa nafasi yake, ya tatu.

Simu ya Abdulmalik iliita usiku ule, ikaita kesho yake, akaiacha iite. Siku ya tatu mwenyewe akatokea dirishani pale stendi, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Tiketi ya Mbamba Bay," alisema.

"Gari limejaa."

"Resti. Nimekosa nini?"

Nyuma yake foleni ilikuwa inanung'unika. Restituta aliangalia mikono yake mwenyewe juu ya kitabu cha tiketi.

"Waulize walioko nyumbani," alisema. "Anayefuata!"

Abdulmalik alisimama kidogo kama mtu aliyesomewa hukumu. Kisha akainamisha kichwa, akasema, "Nimeelewa. Sitakusumbua," akaondoka. Restituta akaona kwamba hakubisha. Kama angekuwa hana wake, angebisha. Hilo likammaliza kabisa.

Zikafuata wiki ambazo ukimwuliza leo hazikumbuki, isipokuwa baridi. Ukungu ulikuwa unashuka hadi kwenye matairi ya mabasi, wakulima wakishusha magunia ya kahawa, wapiga debe wakikohoa. Aliamka, akakata tiketi, akalala. Gemu hakuigusa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote alizitupa chini ya kitanda. Alichobaki nacho ni sweta la kijani, na kila alipolivaa kwa sababu ya baridi alijichukia kwa kupata joto. Mwisho akasema basi. Atalipeleka mwenyewe, mkononi, mbele ya hao wake, ili nao wajue mume wao anavyogawa masweta. Akaomba ruhusa ya siku moja, akapanda basi la kwanza kwenda ziwani. Viti vilikuwa vimejaa, akasimama, sweta kwenye mfuko, kona zote za mlimani, mpaka ziwa lilipojitokeza kule chini na joto likaanza kuingia madirishani.

Banda la Abdulmalik lilikuwa karibu na soko la Mbamba Bay, limepakwa rangi ya zambarau. Mlangoni alikaa fundi simu na bisibisi zake.

"Karibu, dada," alisema, na Restituta akaitambua sauti. Ndiye Othmar. "Tukupe nani? Bi Mkubwa yupo, Bi Mdogo yupo. Bi Harusi ameshachukuliwa, labda usubiri."

"Wote wako humu humu?"

"Wote. Wanalala sanduku moja."

Restituta akaingia. Ndani, kwenye benchi, wanawake wawili wenye vitenge walikuwa wamebanana juu ya kitu kimoja, wakicheka na kupigana viwiko. Basi ndio hawa. Hata hawakuwa wabaya. Mmoja alikuwa na uso wa huruma, mnene kidogo, mtu ambaye kwingine angeweza kuwa rafiki yake.

"Samahanini," alisema. "Yupi kati yenu ni Bi Mkubwa?"

Wale wanawake wakatazamana. Yule mnene akasema, "Dada, sisi tunauza dagaa hapo nje. Tumemkodi Bi Harusi, zamu yetu haijaisha." Akainua walichokuwa wamekishika. Gemu ya mkononi. Kwenye kioo neno moja liliwakawaka, wote wawili wakapiga kelele, wakabonyeza, wakakosa.

Othmar alikuwa ameshamfuata na sanduku la bati. Akalifungua. "Huyu hapa Bi Mkubwa, dada. Chapuchapu ya kwanza. Huyu Bi Mdogo, ya pili. Ya tatu ndiyo hiyo wanayo, tunamwita Bi Harusi kwa sababu hachezeki ukiwa peke yako. Kwani kwenu Mbinga mnaziitaje?"

"Ya kwanza," alinong'ona Restituta. "Ya pili. Ya tatu."

Ndipo Abdulmalik akatokea mlango wa nyuma, ana pedi iliyofunguliwa mkononi. Alikuwa amekonda. Alipomwona akasimama pale pale.

Restituta akamwambia yote: simu juu ya meza, beseni, sokoni, rahisi tu. Alisema haraka bila kupumzika, mbele ya Othmar na wauza dagaa, maana hakuwa na nguvu ya kutafuta faragha. Alipofika kwenye "simwachi mpaka kaburini" Othmar akajifunika uso na kofia. Abdulmalik hakucheka.

"Yule muuzaji wa rimoti alipata Chapuchapu nyingine ya tatu," alisema polepole. "Nikainunua. Hiyo ndiyo niliyoipata sokoni. Wewe sikukupata sokoni, Resti. Wewe ulinikaripia sokoni."

"Mbona hukubisha? Nilipokwambia waulize walioko nyumbani, ukaondoka!"

"Nilidhani nyumbani kwenu. Nilidhani wazee wako wamekataa Mwislamu." Alikalia ukingo wa meza. "Nikaenda kwa padri hapa parokiani. Nikamwuliza, baba, mtu kama mimi anaoaje binti yenu? Akaniambia kuna ruhusa inaombwa kwa askofu. Akaniambia pia mke ni mmoja, hakuna wa kuongeza. Nikamwambia hilo ndilo jepesi. Nikarudi hapa, nikakaa. Sikujua hiyo ruhusa nimwombee nani."

Restituta aliona aibu, na chini ya aibu ile uchovu wa wiki zote ukamshukia kwa pamoja. "Kwa nini hukuniuliza?" alisema, na hapo hapo akajua swali hilo lilikuwa lake kwanza.

"Na wewe kwa nini hukuniuliza mimi? Neno moja tu, Resti. Una mke? Ningekujibu kabla maji hayajapoa."

Restituta akauweka chini mfuko wa sweta. Akatoa simu, akampigia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Hukwenda kazini?"

"Niko Mbamba Bay, mama. Kuna mtu anataka kukusalimia." Akaiweka spika, akaisogeza kwa Abdulmalik, ambaye alisimama wima na kuvua kofia kana kwamba mama yule anamwona.

"Shikamoo, mama. Naitwa Abdulmalik."

Kule Ruanda jogoo aliwika.

"Marahaba, Abdulmalik. Una wake wangapi?"

Wauza dagaa wakaacha gemu. Restituta akafumba macho.

"Sina hata mmoja, mama. Namtaka mwanao. Akinikubali, hataletewa mwenzake."

"Yeye umemwambia?"

"Bado, mama. Ndiyo kwanza anasikia."

"Basi mwambie yeye, usiniambie mimi. Mimi nina mahindi juani." Simu ikakatika.

Abdulmalik akamgeukia. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Resti," alisema, "umesikia mwenyewe. Utanikubali?"

Restituta alimwangalia mtu yule mrefu mwenye kandambili, aliyekwenda peke yake kwa padri. Alitaka kusema mengi.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, Abdu. Sasa nipe kiti, nimesimama tangu Mbinga."