Halua ya Goti la Bi Shariffa

Bi Shariffa wa mtaa wa Kiponda hupika mkate wa kumimina, na majirani huununua ungali moto. Mwaka juzi alitiwa goti la bandia, akawa anashuka ngazi zake bila ya kushikwa. Mwezi huu goti limevimba, lina joto, na ngazi zimemshinda.

Daktari alihofia kuwa vijidudu vimeingia gotini. Alivuta majimaji kwa sindano, yakapelekwa maabara. Majibu yakaja: hakikuota kitu. Nyumba nzima ilifurahi, na Hamed, mwanawe, akatumwa kugawa halua kwa majirani.

Sahani moja ilifika kwa Riyama, jirani anayefanya kazi maabara. Hakuila. Alipanda nayo juu kwa Bi Shariffa.

"Shikamoo, Bi Shariffa. Goti vipi?"

"Marahaba, mwanangu. Bado laniuma, lakini vijidudu hamna."

"Kabla ya sindano, ulimeza dawa yoyote?"

Bi Shariffa akatazama dirishani. "Vidonge tu. Vilibaki Hamed alipong'olewa jino."

"Daktari ulimwambia?"

"Niliona haya."

Riyama akakaa karibu yake. "Maabara tunavipa vijidudu chakula na joto, tunangoja viote. Vikiota, tunajua ni vya aina gani na dawa gani itaviua. Sasa nambie, hamira ukiitia maji ya moto, unga utaumuka?"

"Utaumukaje? Hamira nshaiua."

"Basi huenda vidonge vyako vimevidhoofisha vijidudu, havikuota. Lakini vingine huenda bado vimo gotini. Tukivikosa, goti lenyewe utalikosa."

Bi Shariffa aliogopa hasa. Asubuhi alimweleza daktari yote. Daktari alimkataza vidonge, akampa wiki mbili ndipo avute majimaji tena. "Ukipata homa, usingoje. Njoo siku hiyo hiyo," alimwambia.

Majimaji ya pili yalipopelekwa, Hamed hakutulia. "Mbona majibu hayaji?"

"Vijidudu vingine vya gotini vivivu," Riyama alimjibu. "Huota polepole. Na sisi tunangoja."

Vikaota. Bi Shariffa alicheka huku akilia, kwani sasa adui alijulikana. Daktari alilisafisha goti kwa upasuaji, akampa dawa inayoviua vijidudu hivyo hasa. Bi Shariffa aliitumia mpaka ikamalizika, hata alipokwisha kujiona mzima.

Ijumaa moja Riyama alisikia hodi. Mlangoni alisimama Bi Shariffa na sahani ya halua.

"Hamed yuko wapi?"

"Yuko juu. Nimeshuka mwenyewe. Ile ya mwanzo hukuila. Hii kula."