Mwizi Aliyeziba Matundu

Jibini nne zilikuwa juu ya ubao. Ya tano ilikuwa imeacha duara la unyevu tu, kama bakuli lililoinuliwa sasa hivi.

Inspekta aliinama akaunusa ubao. Sajini wake, mtu mnene wa utani, alibaki mlangoni mwa chumba cha baridi akisugua viganja.

"Afande, safari hii tumepanda cheo. Kutoka wizi wa kuku mpaka jibini."

"Funga mlango, baridi inatoka."

Mwenye duka la jibini alisimama kati yao na aproni yake nyeupe, macho mekundu kwa hasira. Jioni hiyo ubao ule ulitakiwa kwenda kwenye karamu ya daktari mmoja mstaafu, aliyealika ukoo mzima, tangu vitukuu wanaotambaa mpaka dada yake mkubwa asiye na jino hata moja.

"Aliniambia, mama, nataka jibini pole tupu. Isiwepo hata moja ya kumkunja mtu uso. Sasa wewe fikiri, afande, kuchagua jibini pole ni kazi kuliko kuchagua mchumba! Hii laini ya ganda jeupe, unaipaka kwenye mkate kama siagi. Hii ya mbuzi, lakini haina ile harufu ya beberu. Hii ya manjano bado changa, watoto wanaipenda. Hii yenye matundu ina utamu wa njugu kwa mbali. Na ya tano..." Akagusa lile duara la unyevu. "Ya tano ndiyo ilikuwa bibi harusi."

"Ilikuwaje?"

"Ya ng'ombe. Duara dogo, nyeupe ya kukaribia umanjano. Ukiitia mdomoni unaona kama hukula kitu. Ukishameza ndipo unaanza kuitamani."

"Unamshuku mtu?"

"Simshuku, namjua." Akanyoosha kidevu kuelekea pembeni, ambako msichana mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti, analia kwa kwikwi. "Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo ni mtoto wa kaka yangu mwenyewe. Ufunguo wa humu tunao mimi na yeye."

"Shangazi, haki ya Mungu sikuigusa!"

"Nyamaza! Leo huyu halali kwangu, afande. Atalala kituoni kwenu au atalala njiani, mtajua wenyewe."

Inspekta alikuwa ameinama tena, pua inakaribia kugusa ile jibini ya manjano. Kwenye ganda lake palikuwa na kiduara kidogo kama kifungo cha shati. Akaitazama ya mbuzi. Kiduara. Zote nne zilikuwa nacho.

"Mama, hiki ni nini?"

Mwenye duka akainama. Uso ukambadilika. Akachukua ncha ya kisu, akakibandua kile kiduara. Chini yake kulikuwa na tundu jembamba lililozama mpaka katikati.

"Zimetobolewa," alisema polepole. "Kuna chuma chembamba chenye mfereji. Unakichoma, unakizungusha, unakitoa na kipande cha ndani. Unaonja cha ndani. Kile cha juu unakirudisha kama kizibo, halafu unapaka jibini kidogo kwa kidole, hewa isiingie. Ukiacha wazi umeiua."

"Nani dukani anajua kazi hiyo?"

"Mimi."

"Na binti?"

"Huyu? Nimemfundisha kukata tu, na kukata kwenyewe anakata kama anapasua kuni."

"Basi mama umejiibia," Sajini alisema.

Mwenye duka alimtupia jicho ambalo lingegandisha maziwa bila dawa.

Inspekta alisimama wima. "Mwizi gani huyu? Kaingia, kaonja nne, kaziziba moja moja kama mtu anayefunika watoto, kaondoka na ya tano. Mwenye njaa asingeziba. Mwenye tamaa angebeba zile za bei kubwa kule rafuni. Huyu alikuwa anatafuta kitu."

"Jibini," Sajini alisema.

"Jibini zilikuwepo nne. Alikuwa anatafuta ladha."

Mtaalamu waliyemwita kuchukua alama za vidole alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye miwani na brashi zake. Alikagua vile vizibo kimoja baada ya kingine, akachukua na alama za gumba la binti, akavua miwani.

"Alama ipo, afande. Gumba moja, kwenye zote nne. Lakini halina mistari."

"Alivaa glavu?"

"Hapana, hii ni ngozi. Laini kama mgongo wa kijiko. Huyu binti vidole vyake vina mistari tele. Si yeye."

Kwikwi ya msichana ikakatika. Shangazi yake akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi tangu mwanzo.

Macho ya Inspekta yalikuwa ukutani, ambako visu vya duka vilining'inia kwa mpangilio, makali yote yanameta. Akakitoa kimoja. Kwenye mpini palikuwa na utelezi wa kijivu, tope laini la jiwe na chuma.

"Visu hivi vimenolewa lini?"

"Leo asubuhi. Alipita mnoa visu, mzee mmoja mgeni. Alisema sherehe ikikaribia kila jiko lina kisu butu, na kweli."

"Aliingia humu?"

"Aliniomba avirudishe mwenyewe ukutani. Mimi nilikuwa kaunta nabishana na daktari, maana alikuwa amebadili mawazo kuhusu ile ya mbuzi. Huyu binti alikuwa anafunga vifurushi."

"Alikuuliza chochote?"

Mwenye duka alifikiri. "Aliuliza jibini zangu nazipata kwa nani. Nikamwambia, mzee, hiyo ni siri ya duka. Nikiwataja, kesho wateja wote wako mlangoni kwao."

Inspekta akamgeukia Sajini. "Anayeshika jiwe la kunolea kutwa kucha, jiwe humla mistari ya vidole. Twende."

Hawakwenda mbali. Mtaa wa pili, nyuma ya duka la mikate, gurudumu la kunolea lilikuwa linaimba. Mzee mrefu, mgongo umeanza kupinda, alikanyaga pedali bila haraka. Aliziona sare zao, lakini hakusimama mpaka alipomaliza kile kisu. Akakipangusa, akamkabidhi mwokaji.

"Taratibu nacho, mwanangu, hicho sasa kinakata." Kisha akawageukia. "Mmeifuata ile. Imo sandukuni. Sijaila."

Ilikuwemo, imeviringishwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kama inavyotakiwa. Ilikuwa na tundu moja, limezibwa.

Walimrudisha dukani. Mwenye duka aliponyoosha mkono kuipokea jibini yake, mzee hakuiachia mara moja. Inspekta aliliona hilo. Akamkalisha kwenye kiti cha chumba cha nyuma.

"Umeiba, mzee?"

"Nimeiba."

"Uliwahi kutengeneza jibini?"

"Mimi na mke wangu. Miaka mingi."

"Na hizi nne ulizitoboa kwa nini?"

"Kuonja."

"Ungekamatwa mle ndani wakati unaziba. Kwa nini hukuziacha tu ukaondoka?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Utaiachaje wazi, afande? Itaharibika."

Sajini alicheka, kisha akaona hakuna aliyecheka naye.

"Unamtafuta nani?" Inspekta aliuliza.

Mzee alivitazama vidole vyake. 

"Binti yangu. Mama yake alipokufa niliuza ng'ombe wote. Sikutaka kuona maziwa tena wala kusikia harufu yake. Binti akaniambia, baba, umemzika mama mara mbili. Akachukua chupa ya chachu ya mama yake, ile ya kuanzishia maziwa, akaondoka. Nilidhani angerudi baada ya wiki. Ana kichwa kigumu kama mimi."

"Ukaanza kumtafuta."

"Kwa kutembea. Nikajifunza kunoa, kwa sababu mnoa visu anaingia jiko lolote la mji wowote, haulizwi ametoka wapi. Na sherehe zikikaribia, maduka hukusanya jibini pole kutoka kila pembe. Ndipo mimi huja."

"Kwa nini pole? Kwa nini si kali?"

"Jibini kali hujisema yenyewe tu. Jibini pole haina pa kujificha, humsema aliyeitengeneza. Yule hakuwahi kutengeneza kali, mama yake hakumfundisha."

"Ungeuliza."

"Nimeuliza kila mji! Wenye maduka wanaficha watengenezaji wao kama mume anavyoficha mshahara."

Mwenye duka akainamisha macho.

"Leo nikaonja ya kwanza," mzee aliendelea, "siyo. Ya pili, siyo. Nimezoea siyo. Siku hizi ndiyo chakula changu. Nilipotia ile ya tano mdomoni..." Alisimama. Akautazama mlango. "Ni ile chachu, afande. Mke wangu alikuwa amesimama hapo mlangoni. Nilitaka kuirudisha ubaoni, wallahi, mkono ukakataa."

 Binti aliyekuwa analia juu ya kreti alikuwa ameingia na kikombe cha chai, akakiweka mbele ya mzee. Shangazi yake akamwona.

"Kanawe uso," alimwambia, sauti imeshuka. "Halafu uje tule. Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni." Akamgeukia Inspekta. "Jibini yangu imerudi, na tundu moja haliniharibii karamu. Mimi sina kesi."

"Mimi ninayo," Inspekta alisema. "Na inadai shahidi mmoja. Aliyeitengeneza."

"Afande, nimeshakuambia, hiyo ni siri ya..."

"Mama."

Mwenye duka alivuta pumzi. Akatoa simu mfukoni mwa aproni, akabonyeza, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi. Iliita mara nyingi. Mzee alishika ukingo wa meza.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, nyuma yake ng'ombe na ndoo.

"Dada, ni mimi wa dukani. Kuna mtu anataka kuongea nawe."

"Mimi ni Inspekta wa polisi. Jibini yako moja iliibwa leo."

"Jibini? Watu wamekosa vya kuiba?"

"Mwizi tunaye. Ni mzee mmoja, mnoa visu. Anasema anaijua chachu uliyotumia."

Ndoo ikatua chini.

"Anasema ni chachu ya nani?"

"Ya mkewe."

Ng'ombe mmoja akalia, hakujibiwa.

"Yuko hapo?" sauti iliuliza, ndogo sasa.

"Yuko."

"Ananisikia?"

Inspekta aliisogeza simu mbele ya mzee. Mzee alifungua mdomo. Barabara zote zile alikuwa ametembea na maneno yake, akiyapanga, akiyapangua, ya kuomba radhi na ya kulalamika. Hapo mezani hayakuwepo hata moja.

"Chumvi," alisema hatimaye. "Imezidi kidogo."

Mwenye duka akaweka kiganja mdomoni.

"Najua," sauti ikajibu, na ilikuwa inatetemeka. "Miaka yote naikosea, sina wa kuniambia. Njoo uipunguze, baba."