Gobori la Mjane Thibault

Uvumi ulimganda Noreen Duclos kama kupe. Sebuleni kwa mjane Lucille Thibault yalining'inia magobori mawili ya gumegume, yale ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, na watu walisema moja ni la kweli kabisa, la kiwanda cha jeshi cha Springfield enzi zake za mwanzo, halijaguswa na fundi. Noreen aliusikia kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa bunduki za kale. Ukamwasha ulimi. Jioni akamwambia mwanawe, Wade, wakila pamoja na rafiki yake.

Laiti angalitafuna akanyamaza.

Sasa walikuwa katika chumba cha nyuma cha gereji, pale mjini Chicopee. Wade. Rafiki yake Lonnie. Na Noreen, mama mtu mzima, kapakata soksi ya kuficha uso.

"Yanafanana kama mapacha," Wade alisema. "Moja limechezewa. Mnunuzi anataka la kweli tu. Mama ndiye atakayelijua."

"Na bibi mwenyewe?" Lonnie aliuliza.

"Tunamfunga kitini. Hatumgusi."

"Anamjua mamako, bwana. Chama kimoja hao, cha wakusanyaji."

"Ndiyo maana Mama hafungui mdomo. Umesikia, Mama? Hata kukohoa."

Noreen aliitikia kwa kichwa. Anakwenda ili amchunge mwanawe, mara hii tu. Ndivyo alivyojidanganya.

Saa nne asubuhi. Mlango wa jikoni haukufungwa; Lucille hakuwa na desturi hiyo. Lonnie alimkalisha, akamfunga mikono kwa utepe wa gundi.

"Taratibu, kijana," mjane alisema. "Mimi ni wa kale kuliko hayo magobori."

Saa nne na dakika tano. Noreen alisimama mbele ya ukuta. Tai yule yule kachongwa kwenye chuma cha yote mawili. Jina lile lile la kiwanda. Cha kutazama ni tundu la kupitisha moto hadi kwenye baruti, ubavuni mwa mtutu. La kweli huliwa na baruti, chuma pembeni kikawa na vidonda. Lakini mengi yaligeuzwa yatumie fataki badala ya jiwe, kisha wajanja wakayarudishia gumegume. Hayo tundu lake ni jipya, duara safi. Ilibidi alishushe moja, alione karibu.

Hapo mazoea yakamponza. Katika chama chao hakuna agusaye bunduki ya mwenzake kabla ya kumwonyesha viganja vitupu na kuomba. Noreen aligeuka. Akafungua viganja.

"Ruhusa?"

Wade alifumba macho.

"Unayo, Noreen," mjane alisema polepole. "Nimewahi kukunyima?"

Aibu ilimwingia Noreen kama maji ya barafu. Afadhali angetukanwa.

Lonnie alichomoa bastola. "Kwisha. Ameshamjua."

Noreen akaruka. Akamkinga mjane kwa mwili wake, akaivua soksi.

"Wade, mtoe mamako hapo!"

"Mama, toka hapo," Wade alisema.

Noreen alingoja. Alingoja mwanawe amgeukie Lonnie, amwambie, usipige. Wade alitazama zulia.

"La kweli ni la kushoto," Noreen alisema, ingawa hakuwa ameshusha hata moja. "Lichukueni. Nendeni."

Lonnie alilinyakua. Akampiga nalo Noreen shavuni kwa kitako, damu ikaruka kwenye gauni la mjane. Kisha miguu, mlango, gari likinguruma. Wade hakugeuka nyuma.

Noreen alimkatia mwenzake ule utepe. Lucille alimsukumia simu.

"Piga wewe," alisema.

Noreen alipiga. Askari aliuliza majina ya waliokimbia. La Lonnie lilitoka upesi. La pili alilitaja herufi moja moja, damu ikimdondoka kidevuni, hadi likaisha.

Wazazi wenzangu, haya tuyaepuke:

Kutaja mbele ya watoto thamani ya mali ya jirani.

Kumkaribisha mezani rafiki wa mtoto usiyemjua shughuli yake.

Kumfuata mtoto kwenye uovu ukisema unamlinda.

Kusema "mara hii tu".

Kungoja hadi siku ya bastola ndipo umjue uliyemzaa.