Mjoli wa Shamba la Zabibu

Siku ya nne tangu Devota Matonya ahamie kwa dada yake Restuta, kule Chamwino, alikuta shamba la zabibu limeshamwagiliwa kabla yeye hajagusa ndoo. Ilikuwa Septemba, vumbi limetanda kila mahali, na bomba la mtaani halijatoa tone tangu Jumapili. Lakini kila shina lilikuwa na duara la tope bichi, na tope hilo lilinuka samaki.

Alimuuliza Restuta. Restuta alikuwa akijipaka mafuta mikononi, hakuinua uso. Alisema labda boza la maji lilipita alfajiri. Devota hakuona alama ya tairi, ila hakubisha. Huyu ndiye aliyemwokoa, angembishia vipi kwa ajili ya tope?

Mama zao walikuwa ndugu wa tumbo moja, nao wenyewe walikulia nyumba moja Mvumi, wakilala ngozi moja. Mume wa Devota alipofariki na wakwe wakamfukuza shambani, Restuta ndiye aliyekuja na gari kumchukua. Alisema mbele ya Mama Dorkasi, mama yake Devota, kwamba hamchukui awe mfanyakazi. Anamchukua awe mwenzake, kwa kuwa yeye pia ni mjane, ana binti mmoja tu, Ursula, na nyumba ni kubwa. Mama Dorkasi alilia kwa furaha hadi gari likapotea.

Walipofika, Restuta alimwomba jambo moja. Akiitwa asiitike "abee". Aitike "labeka". Ndiyo adabu ya nyumba hii, alisema, marehemu mume wangu alipenda hivyo. Devota aliliona neno la kizamani, la kuchekesha kidogo, akalizoea.

Wiki ya pili, saa sita mchana, Ursula akiwa shuleni na Restuta ofisini, Devota alikuwa akiosha vyombo uani aliposikia mtu anakohoa katikati ya zabibu. Kisha sauti kavu, ya mtu aliyechoka, ikasema: "Mjoli. Leo wewe, kesho mimi nipumzike."

Alidhani kuna mtu anayeitwa Mjoli. Akaenda kutazama. Hakukuwa na mtu, ila harufu ya samaki ilikuwa nzito kama amesimama ukingoni mwa bwawa.

Baada ya hapo mikono yake ilianza kumkataa. Alifagia uwanja, akamaliza, akataka kuketi, lakini mikono ikaendelea kufagia mpaka njiti za ufagio zikakatika. Siku nyingine alisonga ugali ukaiva, ukaungua, na mkono bado unasonga. Restuta alikuta moshi jikoni. Alimtazama tu mikono, akaenda kubadili nguo.

Devota alikwenda kwa jirani, Bi Hamida, mzee wa kutoka Kwa Mtoro, ambaye watu walimletea wagonjwa wao wenye mashetani. Alimwamkia, akamweleza yote, akalitaja lile neno. Bi Hamida aliacha kupepeta mtama.

"Mjoli ni mtumwa mwenzako," alisema taratibu. "Mkiwa wa bwana mmoja, ninyi ni wajoli."

"Mimi si mtumwa, bibi. Mimi ni mdogo wake."

"Akikuita unaitika nini?"

Devota alimwambia. Bi Hamida alisema hivyo ndivyo watumwa walivyowaitikia mabwana zao. Kisha akamwagiza arudi, na sauti ikija tena aiulize bwana wake ni nani, lakini kwa vyovyote vile asiitike neno lile.

Kesho yake adhuhuri jua lilikuwa limesimama utosini, hakuna kivuli uani, hakuna hata kuku aliyelia, na Devota akiwa ameshika nguzo ya jiko kwa mikono miwili ili isiende kufanya kazi yenyewe aliona nyayo zilizolowa zikijichora juu ya vumbi, moja baada ya nyingine, zikitoka kwenye zabibu zikija kwake, na juu ya nyayo zile hewa ikakunjamana mpaka ikawa mgongo wa mtu mrefu aliyeinama, shingo imepinda upande mmoja kama shingo ya aliyebeba mzigo miaka mingi bila kuruhusiwa kuutua, na mgongo ule ukakohoa, ukasimama hatua tatu kutoka alipo.

"Bwana wako ni nani?" Devota alinong'ona.

Jini lilimjibu bila chuki. Lilisema lilikaa katika majabali ya mto pale Mtera, hata kabla watu hawajaleta bwawa. Maji yalipopanda likakosa kwao, likazurura, mganga mmoja akalinasa, akampa mume wa Restuta. Tangu hapo ni shokoa tu, kazi ya kushurutishwa, mchana na usiku. Mume alipokufa, lilirithiwa na mke. Mwaka huu lilimwambia Restuta kwamba limechoka, aliache huru, la sivyo litawala watu wa nyumba yake.

"Akaahidi kunipa wa badala," lilisema. "Kila ukiitika labeka, mzigo mmoja unanitoka mimi, unakuingia wewe. Imebaki michache, mjoli wangu. Nisamehe."

Jioni Restuta aliporudi, Bi Hamida alikuwa ameketi sebuleni, ubani unafuka, Devota yuko pembeni yake. Restuta hakukana. Alisema alikuwa peke yake, alisema nyumba ilikuwa inamwangukia, alisema angemtunza Devota vizuri kuliko wakwe walivyomtunza. Aliyasema hayo akiwa amemtazama Bi Hamida. Devota hakutazamwa hata mara moja.

Ursula akatokea mlangoni na sare yake ya shule.

"Mama, kijakazi ni nani?" aliuliza. "Kuna mtu huko nje ananiita kijakazi mdogo."

Restuta alishuka kwenye kiti mpaka magotini. Bi Hamida alimwambia dawa ni ulimi wake yeye aliyemiliki, hakuna nyingine. Naye akasema upesi: "Nimekuacha huru. Huna bwana. Nenda."

Kitu kilipita uani kwa upepo mrefu kama mtu anayetua mzigo na kushusha pumzi. Harufu ya samaki ikaisha. Walipochungulia dirishani, majani ya zabibu yalikuwa yamejikunja yote, makavu.

"Bado mmoja," alisema Bi Hamida, akimwonyesha Devota.

Restuta alinyanyuka, akamshika mwanawe begani. Alitazama shamba lililokauka, akatazama vyombo vya jikoni, na mwisho akamtazama Devota.

"Mimi natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Nani atanifanyia kazi?"

"Dada," alisema Devota.

Restuta aliingia chumbani na Ursula, akafunga mlango kwa ufunguo.

Bi Hamida alimrudisha Devota Mvumi usiku huohuo kwa bajaji. Imepita miezi mitano sasa. Hospitali wamempima, hana ugonjwa. Mchungaji ameombea, Bi Hamida amekuja mara tatu na makombe yake, na kila mara anaondoka akisema neno la kumfungua liko kwenye kinywa kimoja tu. Restuta hapokei simu.

Kila ikifika saa sita mchana miguu ya Devota huamka na kuelekea njia ya Chamwino. Majirani walishauri afungwe kamba. Mama Dorkasi alikataa katakata, alisema mwanawe hafungwi na mtu tena. Humkumbatia kiuno kwa nyuma, wameketi kizingitini wote wawili, Devota akilia na kumwomba mama asimwachie, na miguu inaendelea kutembea palepale mchangani, hatua kwa hatua, mpaka jua lipinde. Pale mlangoni pana shimo sasa. Jana lilimfika magotini.