Jiwe la Chini ya Jeki

Kengele ya mkanda wa usalama ililia tena, na kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

"Waya umelegea," alisema shemeji, akikaza mikono kwenye usukani.

Aliyekaa kando yake ndiye aliyekuwa dereva kwa kazi. Miaka ishirini alikuwa akipeleka watu jangwani, na leo, kwa kuwa dada yake alimsihi, alikaa upande wa abiria kumchunga huyu mumewe, aliyenunua gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne kabla hajajua hata kulirudisha nyuma. Asubuhi shemeji aliambiwa apunguze upepo kwenye matairi, akakataa. Aliambiwa abebe ubao wa kuweka chini ya jeki, akasema utakwaruza buti la gari. Debe tupu haliachi kuvuma.

Basi mchana, kabla kengele haijaanza kulia, tairi likapasuka, jeki ikazama mchangani. Shemeji, bwana mkubwa, akaliendea rundo la mawe lililoonyesha njia, ambalo kila mpitaji huliongezea jiwe na hakuna anayetoa, akachomoa moja bapa. Kazi ilipokwisha akalitia kwenye buti, eti litafaa tena.

"Rudisha jiwe la watu, shemeji."

"Watu gani? Unawaona wapi?"

Tangu hapo kengele haikutulia. Kisha ikaja harufu ya udongo uliolowa, huko ambako mvua haijulikani.

"Unaisikia?" dereva alinong'ona.

"Kiyoyozi hicho."

Kengele ikalia, ikanyamaza, ikalia, na kila ilipolia gari lilizidi kuwa zito nyuma, likainamia upande mmoja, mpaka matairi yakawa yanachimba mchanga ule ule waliouvuka kwa wepesi asubuhi, na dereva, aliyekuwa akimcheka mwenzake moyoni tangu walipotoka, akahisi pumzi ya baridi ikimgusa kisogoni, mara moja, mara mbili, bila haraka, akaogopa hata kugeuza shingo.

"Simama," alisema kwa sauti ndogo. "Turudi tukaliweke pale pale. Mtoto wenu hukaa kiti hicho."

Shemeji alisimama. Jasho lilimtoka, lakini kiburi hakikumtoka. Alifungua buti, akalirusha jiwe mchangani, akajipangusa mikono.

"Haya, limekwenda. Nirudi saa nzima kwa ajili ya jiwe?"

Huko hakukuwa kulirudisha, na dereva alijua. Angeweza kumnyang'anya ufunguo. Lakini alikuwa amemchoka, tena alimdharau mno kiasi cha kutaka yampate. Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea, akafunga mlango.

Walipoikaribia lami, kitu kilifanya "kwach" nyuma yao. Kengele ikakatika.

"Si nilikwambia? Waya!" Shemeji alicheka njia nzima.

Dada aliwapokea getini, mtoto mgongoni. "Nizungusheni hata mtaa mmoja," alisema, akafungua mlango wa nyuma. "Mbona mmefunga mkanda, na hakuna mtu?"

Dereva aligeuka. Akaikumbuka ile "kwach". "Dada, rudi nyuma! Mtoto asiingie!"

Dada alikuwa amekwisha kubonyeza kitufe cha mkanda. Mkanda ukaachia, ukarudi nusu, ukasimama. Kisha ukavutwa taratibu, ukapita juu ya kitu wasichokiona, ukajifunga tena.

Dereva aliruka chini, akamvuta dada yake na mtoto hadi ukutani. Alijilaani kwa kutomnyang'anya shemeji ule ufunguo.

Shemeji alifungua kinywa. Safari hii hakutaja waya.