Cheti cha Mananasi ya Shangazi

Kila alipotoka shule, Mdadisi alivua sare, akanawa mikono hadi viwikoni, akafunga kitambaa kichwani na kuingia chumba cha kukaushia. Kazi yake ilikuwa kupanga vipande vya nanasi kwenye trei, visigusane. Jina la Mdadisi alipewa na shangazi yake kwa sababu ya maswali yake yasiyoisha.

Na shangazi mwenyewe, jamani! Alianza na kikaushio kimoja cha mtumba, na sasa amepata mnunuzi ng'ambo. Mnunuzi alitaka katoni nyingi kuliko alizoweza kujaza shangazi, ila alikubali kuanza na chache. Kwa Mdadisi, hapakuwa na mwanamke hodari kama yeye duniani.

Siku moja alifika wakala wa forodha, mzee mcheshi aliyeshughulikia makaratasi ya kusafirisha bidhaa. Alileta gharama za nchi mbili: yao, na ya jirani, upande wa pili wa mpaka. Mdadisi akaziandika ubaoni kwa chaki: cheti cha afya ya mimea, cheti cha asili cha kuonyesha zao limelimwa nchi gani, ada ya forodha. Akajumlisha.

"Shangazi! Kwa jirani ni nusu ya kwetu!"

Shangazi aliutazama ubao, akashusha pumzi. Kwa gharama za nyumbani, makaratasi yangekula faida yote, na mzigo wa kwanza ungekuwa wa mwisho.

"Basi tupitishie kwa jirani," Mdadisi alisema. "Tunangoja nini?"

Wakala alijikuna kidevu. "Bei hiyo ni ya mazao ya kule, binti. Itabidi tuandike kwamba mananasi haya yamelimwa kwao. Wapo wanaofanya hivyo."

"Tuandike! Nanasi lenyewe halisemi limetoka wapi."

"Halisemi," shangazi alijibu, "lakini anayetia sahihi ni mimi. Siandiki."

Mdadisi alinuna, machozi yakimlengalenga. Shangazi hakumgombeza. Alirudi ubaoni akauliza, "Mzee, ada hizi zinatozwa kwa katoni au kwa mzigo?"

"Kwa mzigo mzima. Ziwe katoni kumi, ziwe mia, ni ile ile."

Shangazi akavua aproni. "Mdadisi, vaa viatu. Tunakwenda kwa Mama Kelele."

Mdadisi alibaki mdomo wazi. Mama Kelele alikaushia mananasi mtaa wa pili. Yeye na shangazi walikuwa wakinyang'anyana wateja, hata salamu walinyimana!

"Makubwa haya!" Mama Kelele alisema alipowaona mlangoni. "Leo umepotea njia?"

"Sijapotea, dada. Nimekuja kukuomba tuunganishe katoni zetu ziwe mzigo mmoja, tugawane gharama. Peke yangu siwezi."

Mama Kelele alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko kilichosikika hadi barabarani. "Pita ndani, mwenzangu! Makaratasi hayo hata mimi yamenitoa jasho."

Mzigo ukajaa. Mkaguzi akaupima, akagonga muhuri, na gari likaondoka. Haukupita muda, mnunuzi akaagiza mwingine.

"Shangazi," Mdadisi alisema kwa aibu, "mimi ningeandika uongo ule."

Shangazi alimshika bega. "Najua, mwanangu. Ulitaka tufanikiwe. Lakini gharama unaweza kuitafutia njia ikapungua. Uongo ukishaugongea muhuri mara moja, kila mzigo utakaofuata lazima uuandike tena."